Marehemu wa Dakika ya Arobaini na Moja

Katika filamu zetu mimi ndiye mtu wa vifaa. Maana yake ni kwamba karibu kila kitu utakachokiona kimetoka nyumbani kwangu. Kitanda ni changu. Pazia ni langu, na lilirudi dirishani siku hiyo hiyo. Shuka alilojifunga mzimu ni la wageni, na tangu hapo sijapata uso wa kumtandikia mgeni. Mdogo wangu wa kiume, tunayemwita Kata kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni hata tukiwa mezani, ndiye mwongozaji, mpiga picha na mhariri. Mzimu ni msusi wa jirani, mwanamke mrefu asiyeogopa kujipaka unga usoni. Bajeti yetu ni nauli na chakula, na chakula napika mimi.

Kazi inayonilisha ni cherehani. Nashona sare za shule, napunguza suruali, nabadilisha zipu. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka. Lakini nina kazi nyingine isiyo na mshahara wala shukrani, nayo ni kusoma maoni ya watazamaji. Kata hawezi kuyasoma. Tulipoweka mtandaoni filamu ya kwanza, Mke wa Ukutani, alisoma maoni kumi na mawili kisha akajifunika gubigubi siku mbili. Tangu hapo tukakubaliana kwamba mimi na Chiriku tutasoma, tutamchujia matusi, tutampelekea yale yenye faida.

Chiriku ni binti wa mume wangu. Nilimkuta ana miaka sita, pengo mbele, anaongea mpaka usingizini, nikampa jina hilo na likamganda. Mama yake mzazi alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani mtoto akiwa na miaka minne. Akaugua huko, akafa, akazikwa huko huko. Ndivyo alivyoniambia mume wangu siku alipokuja kunichumbia, na macho yake yalikuwa mekundu, nikamhurumia kabla sijampenda. Mimi sikujaliwa kuzaa. Lakini mtaa mzima unaniita Mama Chiriku, miaka tisa sasa, na ukiniita kwa jina nililopewa na wazazi wangu huenda nisigeuke.

Hadithi ya filamu yetu ni ya mwanamume anayeoa tena, na mke wake aliyekufa anatoka kwenye picha iliyotundikwa ukutani kuja kumhoji. Filamu ya namna hiyo inahitaji picha ya marehemu, na sisi hatukuwa na marehemu. Kwenye sehemu ya kwanza nilichukua kalenda ya zamani, nikamkata dada mmoja anayetabasamu, nikamtia kwenye fremu. Sikuona kwamba chini ya kidevu chake nimeacha kipande cha tarehe. Watazamaji waliona. "Marehemu kafa kuanzia Januari hadi Machi," aliandika mmoja. Mwingine akaandika, "Huyo si mzimu, huyo ni tangazo la sabuni." Watu mia mbili walicheka chini ya maneno hayo. Mpaka leo msusi akipita sokoni kuna watoto wanamwita Januari.

Kwa hiyo tulipoanza sehemu ya pili, Kata alikuja dukani kwangu na sura ya msiba.

"Dada, safari hii nataka picha ya mtu wa kweli. Mtu akiyaangalia yale macho ajue huyu aliwahi kuishi."

"Nani sasa? Unataka nife mimi?"

"Hata wewe ungefaa, ila watu wanakujua."

Chiriku alikuwa ameketi kando yangu anashona vifungo. Akasema bila kuinua kichwa, "Tumieni ya mama."

Anayo picha moja tu ya mama yake. Alipewa na bibi yake kabla bibi hajafariki, naye huiweka katikati ya daftari, ndani ya mfuko wa nailoni. Baba yake hakupenda kuiona, nami siku zote nilidhani ni majonzi. Nikamwuliza Chiriku baba yake atasemaje. Mume wangu ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa safarini wiki mbili.

"Mama, ni mama yangu mimi," akasema. "Si mama wa baba."

Nikaenda kutafuta fremu.

Ile picha nilikuwa naijua vizuri kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Mwanamke kijana amesimama mbele ya pazia la studio, amevaa gauni la kijani, anatazama mbele kana kwamba ameambiwa asipepese. Mimi ni fundi, siwezi kumtazama mtu bila kutazama nguo yake. Lile gauni lilikuwa na mikunjo ya ajabu kiunoni, kitambaa kimevutwa kwenda nyuma, na kwa miaka yote nilikuwa najiambia kwamba aliyemshonea alikuwa kilaza. Nitasema ukweli: nilifurahi kupata kasoro. Nilimwonea wivu yule mwanamke. Mke mwenza aliye hai utashindana naye, leo atakosea yeye na kesho utakosea wewe, lakini marehemu hakosei tena. Amekwisha kuwa mwema.

Siku ya kupiga picha, Kata alimsimamisha Chiriku mbele ya fremu. "Maneno niliyoandika yaache," akamwambia. "Mtazame mama yako. Mwambie unalotaka." Mimi nilikuwa nimeshika taa. Msusi alikuwa mlangoni na unga wake usoni, anasubiri zamu.

Chiriku akakaa kimya, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitisha. Kisha akasema, "Mama, mbona hukurudi? Nilikaa mlangoni. Kila siku nilikaa mlangoni. Nilidhani nimekukosea kitu."

Akalia. Hakulia kilio cha filamu, cha kufuta machozi kwa vidole viwili. Alilia mpaka kamasi. Kata akasahau kusema kata. Msusi unga ulimchirizika, na mimi taa ilinitetemeka mkononi, ndiyo maana ukitazama dakika ya arobaini na moja utaona kivuli kinachezacheza ukutani. Watazamaji wengi wamekisifia kile kivuli wakidhani ni ufundi.

Filamu tuliiweka mtandaoni Ijumaa. Jumamosi mchana mume wangu alirudi kutoka safari, akatukuta tumejazana sebuleni na majirani, tunaitazama kwenye televisheni. Nikampa chai, akakaa, akacheka na wenzake pale mzimu ulipogonga mlango badala ya kupita ukutani. Ilipofika dakika ya arobaini na moja na uso wa marehemu ukajaa kioo kizima, kikombe kilimponyoka. Hakuinama kukiokota. Alitoka nje na chai ikimtiririka kwenye suruali, na majirani wakaangaliana, na mzee mmoja akasema, "Mapenzi jamani, hayaozi wala hayazeeki."

Baadaye nilimfuata uani.

"Toeni hiyo picha," akaniambia.

"Haiwezi kutolewa, Baba Chiriku. Filamu imeshatoka."

"Basi itoeni filamu yote."

"Mwanao ndiye aliyeitoa ile picha kwa mkono wake. Umemwona alivyolia? Hata pole hukumpa."

"Nimesema itoeni!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Nikadhani amekwazika kwa ajili ya heshima ya aliyekufa. Nikaona hata aibu, nikasema nitaongea na Kata. Kumbe mwenzangu alikuwa anaogopa.

Jumapili mimi na Chiriku tulikaa kusoma maoni. Yeye husoma kwa sauti, kila mtazamaji anampa sauti yake, mimi nashona huku nacheka. "Mzimu umevaa soksi, huko kuzimu kuna baridi?" "Sehemu ya kwanza niliogopa, hii ya pili nimefua nguo huku naitazama." "Mwongozaji apewe taa ya pili, kwa unyenyekevu mkubwa." "Mzimu unapiga hodi! Mzimu wenye malezi!" Halafu, katikati ya mizaha, yalikuwa mengi ya namna nyingine. "Huyo mtoto mbele ya picha. Sina la kusema." "Nimeisimamisha nikampigia mama yangu." Hayo Chiriku aliyasoma kwa sauti yake mwenyewe, polepole, kisha akayapita.

Yalikuwepo na mawili ya ajabu. Mmoja aliandika, "Huyu marehemu si mpishi wa shule ya wanangu? Juzi tu kanipungia mkono." Mwingine akamjibu, "Ndiye! Sasa chakula cha Ijumaa kapika nani?" Tulicheka mpaka nikashona mkono wa shati ndani nje. "Duniani wawili wawili," nikamwambia Chiriku. Akasema angependa kumwona huyo mpishi siku moja, amwone tu, hata kwa mbali. Nikamwambia tukipata nafasi tutamtafuta.

Jumatatu asubuhi Chiriku alikwenda shule. Mume wangu alikwenda gereji kubadilisha tairi za lori. Mimi nikafungua duka, nikamaliza pindo la sketi mbili, nikachukua simu kuona usiku umeleta nini. Juu kabisa palikuwa na maoni marefu, nami nayaandika hapa kama yalivyokuwa.

"Habari zenu. Mimi ni mpishi wa shule. Watu wananiletea hii filamu tangu juzi wananicheka kwamba nimekufa, leo nimeitazama. Picha iliyo ukutani ni mimi. Nilipigwa siku tatu kabla ya kusafiri. Gauni halikuwa langu, niliazimwa na lilikuwa kubwa, mwenye studio akalibana nyuma kwa pini nne ndipo akanipiga. Sijafa. Naomba kuuliza huyo mtoto anayelia ni mtoto wa nani. Naomba mnijibu hata kama si yeye." Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Na chini ya namba watazamaji walikuwa wameshaanza. "Hahaha, sehemu ya tatu hiyo inanukia!" "Hawa watu wanajua kutangaza biashara." "Mama, rudi ukutani."

Nilipigwa na butwaa. Hakuna neno jingine. Mtu anaweza kufanana na mtu. Mtu anaweza kutunga uongo ili asifiwe mtandaoni. Lakini kuhusu mikunjo ya gauni lile sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Miaka tisa nilimlaumu fundi wa watu, na kumbe zilikuwa pini. Hilo halijui mtu ila yule aliyesimama ndani ya lile gauni akiogopa kupumua asichomwe.

Alikuja mteja kuulizia suruali yake. Nikamwambia arudi kesho. "Mbona iko pale, nimeiona," akasema. Nikamwambia tena arudi kesho, na nadhani aliuona uso wangu, kwa maana aliondoka bila kubisha. Nikafunga mlango wa duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijalifanya hata siku nilipozika mama.

Nilimpigia Kata. Akasoma nikiwa bado hewani, nikamsikia akivuta pumzi.

"Dada, usiyafute! Unajua haya yatatuletea watazamaji wangapi?"

"Kata. Gauni lina pini nyuma. Ni yeye."

Akasema kwa sauti ndogo ya utotoni, "Mungu wangu. Mimi ndiye niliyemwambia mtoto amtazame na aseme," na akakata simu mwenyewe.

Mume wangu aliporudi kula mchana hakukuta chakula. Alikuta simu mezani. Nilimwambia asome. Aliposoma hakushangaa, na hicho ndicho kilichonimaliza. Niliomba ashangae. Niliomba aruke, apige kelele, aseme huyu ni tapeli. Alivuta kiti akakaa taratibu, kama mtu aliyesubiri basi muda mrefu na sasa limefika.

"Ulijua," nikasema.

"Mama Chiriku, nisikilize."

"Ulijua kwamba yuko hai!"

"Mwanzoni sikujua. Nakuapia. Alikwenda, miezi minne akawa anapiga simu, halafu kimya. Mwaka mzima kimya. Watu wakasema kapata mwanamume huko. Nilikuwa nachekwa mpaka kwenye vituo vya mafuta. Mtoto kila siku yuko mlangoni anauliza mama anakuja lini. Ningemwambia nini? Nikamwambia amekufa. Nikaona ni rahisi kwake. Mtu akifa unalia, unanyamaza."

"Na baadaye?"

Akatazama meza. "Baadaye alipiga. Alikuwa amefungiwa kwenye nyumba ya watu, wamemnyang'anya simu na karatasi zake. Alikuwa amefanikiwa kutoka. Alikuwa anarudi."

"Lini?"

"Chiriku alikuwa na miaka saba."

Nilihesabu, ingawa hapakuwa na haja ya kuhesabu. Nilikuwa nimeshaolewa mwaka mmoja. Ndio mwaka tuliohama ghafla, tukafunga vyombo kwa siku mbili, akaniambia mwenye nyumba amekuwa mkorofi. Ndio mwaka aliotupa laini yake ya simu akanunua nyingine. Mimi ndiye niliyefunga sahani kwa magazeti moja moja, nikiimba. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya huyu ilikuwa na urefu wa karibu miaka kumi, na tisa kati ya hiyo niliitembea naye mkono kwa mkono bila kujua ninakopelekwa.

"Nilikuwa nimeshakuoa wewe," akasema. "Chiriku alikuwa ameshaanza kukuita mama. Ulitaka nifanye nini?"

"Usinitie mimi humo!" Nilipiga meza mpaka simu ikaruka. "Mwanamke amerudi kutoka kifungoni akakuta nyumba tupu, na wewe unaniambia umefanya kwa ajili yangu?"

Akasema jambo ambalo nalikumbuka mpaka leo neno kwa neno, kwa sauti ya upole kabisa, sauti anayotumia kumtuliza mtoto.

"Yafute. Hiyo chaneli mnayo nyinyi, bonyeza tu, yatafutika. Watu wameshadhani ni mzaha. Chiriku anarudi saa kumi, hatajua kitu. Ni mwanao, Mama Chiriku. Umemlea wewe. Unataka kumpa mtu?"

Na hapa nitasema kitu ambacho ningependa kukificha. Nilichukua simu. Niliweka kidole mahali pa kufutia. Nilikuwa namchukia mume wangu kwa roho yangu yote, na bado nikaona kwamba amesema kweli: ingekuwa rahisi. Jina langu lote liko kwa yule mtoto. Akiwa na mama wa kumzaa, mimi nitaitwa nani? Wapo wanaosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hiyo nimeichukia tangu siku niliyoolewa, na kila mtu aliyewahi kuisema mbele yangu namkumbuka kwa sura na nguo aliyovaa.

Sijui kwa nini badala ya kubonyeza pale nilibonyeza filamu. Labda nilitaka kumwona mara moja kabla sijamuua tena. Nikapeleka mpaka dakika ya arobaini na moja. Mtoto wangu akatokea, nywele nilizomsuka mimi, sare niliyomshonea mimi, akauliza, "Mama, mbona hukurudi?" Nilikuwa chumbani mle siku ile na taa mkononi, nikidhani swali hilo halina wa kulijibu. Sasa jibu lilikuwa limekuja, lipo chini tu ya filamu, na mimi nimeliwekea kidole. Kama ningelifuta, angeendelea kuamini kwamba alimkosea mama yake kitu. Angezeeka nalo. Na mimi ningekuwa nampa uji asubuhi nikimtazama usoni.

Nikaandika, "Ni yeye. Ni mwanao. Nitakupigia saa kumi akirudi kutoka shule." Nikakosea herufi mara tatu. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini. Halikuwa na neno hata moja. Ilikuwa alama ya kuuliza, kisha nyingine, kisha nyingine, kama mtu aliyeshindwa kuandika akabonyeza tu chochote.

Nilimwambia mume wangu asiondoke. "Utakaa hapa hapa," nikasema, "na utamwambia kwa mdomo wako."

Saa kumi na dakika chache Chiriku aliingia, mkoba begani, anaongea tangu nje. Mwalimu wa hesabu kaitazama filamu. Darasa zima linamwita Mtoto wa Mzimu. Kuna mvulana kasema soksi za msusi ndizo zilizomtisha. Akatukuta tumekaa, duka limefungwa, hakuna harufu ya chakula. Akanyamaza.

"Nani kafa?" akauliza.

Nilimtazama mume wangu. Alifungua mdomo, akafunga. Akafungua tena. Dereva wa lori, mtu wa kubishana na kila askari barabarani, ulimi ulimganda.

"Hakuna aliyekufa, mwanangu," nikasema mimi. "Mama yako yuko hai. Ndiye yule mpishi wa shule. Baba yako alijua, mimi sikujua. Kaandika leo anauliza kama wewe ni wewe."

Alicheka kwanza. "Mama, acha. Yale ni maoni ya watu tu." Nikampa simu. Akasoma kwa sauti kama kawaida yake, akampa yule mwanamke sauti, sauti ya utani kidogo, ya mama mtu mzima. Alipofika kwenye pini nne sauti ilishuka. Alipofika kwenye "sijafa" hapakuwa na sauti tena, midomo tu. Macho yalimtoka pima. Akasoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena, kisha akamgeukia baba yake.

"Ulisema wamemzika huko huko."

Baba yake akainamisha kichwa.

"Nilikuuliza kaburi likoje. Ukasema lina maua. Baba! Ulisema lina maua meupe!"

Hapo ndipo mume wangu alipolia. Sikumhurumia. Nilikwisha kumhurumia mara moja kwa macho yale yale mekundu, na yalinigharimu vya kutosha. Chiriku naye hakumsogelea. Alikuja akasimama karibu yangu mpaka bega lake likanigusa.

"Nimempigia kelele mbele ya watu wote," akaniambia. "Nimemwuliza mbona hakurudi. Mama, kaniona."

"Kakuona. Ndiyo maana kaandika."

"Sasa nifanye nini?"

"Saa kumi imepita. Anasubiri."

Nilipiga mimi, simu ya video, kwa sababu vidole vyake havikuwa vinamtii. Haikulia hata mara ya pili. Alitokea mwanamke mwenye kitambaa kichwani, amesimama mbele ya masufuria makubwa yaliyofunikwa kifudifudi, mikono bado ina povu. Uso umejaa, na una mistari ambayo haikuwepo kwenye picha. Lakini macho ni yale yale yasiyopepesa. Nimeyatazama macho hayo miaka tisa, nimeyafuta vumbi, nimeyatundika ukutani mimi mwenyewe, na sasa yalinitazama kisha yakahama polepole kwenda kwa Chiriku. Nilijua yuko hai, nilikuwa nimejua tangu asubuhi, na bado nilishtuka kumwona anapumua.

Aliinua aproni akaziba mdomo. Chiriku naye, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue, alikuwa kimya. Nyuma ya yule mwanamke bomba lilikuwa linamwaga maji na hakuna aliyelifunga.

"Mama," akasema Chiriku, "niseme nini?"

Tuliitika wote wawili. Mimi nyuma ya bega lake, na yule kwenye simu. Kisha wote wawili tukanyamaza, tukatazamana juu ya kichwa cha mtoto, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi.

Yeye hakuichukua. Alikuwa anasubiri mimi niseme.

"Mwambie shikamoo," nikasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema yule mwanamke. Sauti ilikatika, akaanza upya. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Aliendelea kuitikia hivyo hivyo, hawezi kusimama, kana kwamba anaziitikia zote za miaka kumi na moja. Chiriku alikuwa amejiziba uso kwa mikono miwili, kwa hiyo simu nikaishika mimi.